Kumpata mwekezaji wa nje na kubaki na ardhi: mwongozo kamili kwa viongozi wa vijiji na halmashauri

Vijiji vingi huanza kuufikiria uwekezaji siku gari la wageni linapoegeshwa mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti anaitwa kutoka shambani, mtendaji anatafuta daftari la wageni, na baada ya salamu swali linakuja: mna nini hapa? Kwa kuwa hakuna kilichoandaliwa, jibu ni lile lile: tuna eneo kubwa. Hapo kijiji kimeshatoa karata yake ya turufu kabla mazungumzo hayajaanza.

Mwongozo huu ni wa wenyeviti, watendaji, madiwani, viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na vijana wasomi waliorudi nyumbani, ambao kila kamati ikiundwa wao ndio makatibu. Mifano mingi ni ya Tanzania, kwa sababu sheria yetu ya ardhi ya vijiji ina mambo yake. Msimamo wangu ni mmoja na hatua zote zinatoka hapo: ajira za kudumu vijijini hutoka pale uzalishaji wa wakulima wenyewe unapokutana na mtaji, kiwanda na soko la mgeni. Ukubwa wa eneo analopewa mgeni ni jambo dogo sana katika hesabu hiyo, tena mara nyingi ndio chanzo cha majuto.

Hatua ya 1: Jueni ardhi yenu kwenye karatasi

Sheria za ardhi za 1999 zimegawa ardhi ya nchi mafungu matatu: ya jumla, ya hifadhi na ya vijiji. Ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kabla ya kumwalika mtu yeyote, hakikisheni mna vitu vitatu: Cheti cha Ardhi ya Kijiji, ramani ya mipaka isiyo na mgogoro na kijiji jirani, na Mpango wa Matumizi Bora ya Ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu.

Mpango huo ndio wenye kazi kubwa. Huonyesha makazi, mashamba, malisho, vyanzo vya maji, msitu, makaburi, na eneo la akiba kwa watoto ambao hawajazaliwa. Mwekezaji makini akiuona hufurahi, maana anajua hatakuja kugombana na wafugaji mwaka wa pili. Kijiji kisicho na mpango huo humwambia mgeni kwamba pori lile halina mtu, ilhali ndilo linalotoa kuni, dawa, uyoga, asali na malisho ya kiangazi.

Wakulima wenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila nao wako pazuri zaidi, kwa sababu kila mmoja anaingia kwenye mazungumzo akiwa na jina lake na ukubwa wa shamba lake. Halmashauri ya wilaya ina ofisa ardhi. Anzeni kwake, na andikeni barua. Maombi ya mdomo husahaulika.

Hatua ya 2: Chagueni kitu kimoja, kisha mkihesabu

Kijiji kinachosema kina fursa za kilimo, ufugaji, utalii, madini na nyuki hakijasema chochote. Chagueni zao au huduma moja ambayo tayari watu wanaifanya vizuri, halafu mkusanye takwimu zake kaya kwa kaya.

Tuchukue parachichi, zao lililobadilisha maisha ya wengi Njombe, Iringa na Rungwe. Ukipanda aina ya Hass kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, hekta moja inabeba miche 204. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa karibu na mwaka wa tatu. Kontena la baridi la futi 40 hubeba takriban tani 20 na kitu. Mnunuzi wa nje anayefikiria kujenga kituo cha kufungashia anataka kujua jambo moja kwanza: ni makontena mangapi, na mwezi gani? Kijiji kinachoweza kumjibu kwa daftari lenye idadi ya miche, umri wake, aina yake na umbali wa kila shamba kutoka barabarani kimeshawapita wenzake wote wenye mabango.

Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaujua msemo huo tangu utotoni. Tengenezeni daftari. Jina la mkulima, kitongoji, idadi ya miche au ekari, mavuno ya msimu uliopita, alimuuzia nani, kwa bei gani. Vijana wawili wa kidato cha nne wenye simu wanaweza kuifanya kazi hiyo. Ongezeni ukurasa wa miundombinu: barabara inapitika miezi mingapi, umeme umefika kitongoji kipi, maji ya kiangazi yanatoka wapi. Mapungufu pia yaandikwe. Barabara iliyokatika ikiwa kwenye taarifa yenu, mwekezaji anaweza kwenda na ninyi TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuidai. Akiigundua mwenyewe msimu wa mvua lori likiwa limekwama, imani imekwisha.

Hatua ya 3: Amueni muundo kabla mgeni hajawaamulia

Hapa ndipo vijiji vingi vimepotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mtu asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji. Anaweza kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa hati isiyo asili (haki ya kutumia ardhi ambayo hati yake kuu ni ya mwingine) inayopitia mamlaka ya uwekezaji, na ardhi hiyo sharti iwe ya jumla. Ndiyo maana akitaka shamba kubwa kijijini, ambao ndio muundo wa kwanza, lazima ardhi ihawilishwe kutoka ya kijiji kuwa ya jumla. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi huwa wa waziri baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano mkuu. Fidia lazima ikubaliwe kabla uhawilishaji haujakamilika.

Jambo ambalo halisemwi mikutanoni ni hili: ardhi ikishahawilishwa, haina njia ya kurudi yenyewe kijijini. Mradi ukifa, ardhi inabaki ya jumla. Wilayani Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels kutoka Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji zaidi ya kumi ili ilime mibono kwa ajili ya mafuta. Kufikia 2011 shughuli zilikuwa zimesimama na mamia ya vibarua wamerudishwa nyumbani, huku ahadi nyingi za huduma za jamii zikiwa hazijatimizwa. Kilwa, kampuni ya Bioshape kutoka Uholanzi ilichukua karibu hekta 34,000 katika vijiji vinne kwa ajili ya zao hilo hilo, nayo ikafilisika. Mibono haikuwa na soko lililothibitishwa wala mbegu iliyojaribiwa kwa miaka. Wanakijiji walibeba hatari ya jaribio ambalo hawakulibuni.

Muundo wa pili ni wa shamba mama na wakulima walio nje ya shamba hilo. Mwekezaji ana shamba lake la wastani na kiwanda, na wakulima wanaozunguka wanalima kwenye mashamba yao wenyewe na kumuuzia. Kilombero ndiko tunakouona kwa ukubwa. Kiwanda cha sukari kilibinafsishwa 1998, Illovo wakaingia, na maelfu ya wakulima wa miwa wakawa sehemu ya mnyororo ule. Fedha ya miwa imejenga nyumba na kusomesha watoto Kidatu na Ruembe. Lakini hata huko kuna somo: wakulima walipoongezeka kuliko uwezo wa kiwanda, kuna miwa iliyobaki shambani bila kuvunwa, na muwa ukishakatwa au kuungua hupoteza utamu haraka. Muundo ni mzuri. Uwezo wa kiwanda ulipaswa kuandikwa.

Muundo wa tatu ndio ninaoupendekeza kwa vijiji vingi: mwekezaji asimiliki shamba kabisa. Anajenga kituo cha kufungashia, kiwanda cha kukamulia mafuta au ghala la baridi kwenye kiwanja kilichopimwa katika mji mdogo au eneo la viwanda la wilaya, na vijiji kumi au kumi na tano vinakilisha. Hekta zinazotumika ni chache, hakuna anayehamishwa, na mradi ukifa kinachobaki ni jengo ambalo mnunuzi mwingine anaweza kuingia. Mashamba yenu hayajaguswa.

Hatua ya 4: Kumtafuta

Msiishie kusubiri. Mwekezaji wa nje aliye rahisi kumpata ni yule ambaye tayari yuko nchini na anataka kupanua. Anajua forodha, kodi na mvua zetu. Ulizeni ni kampuni gani zinanunua zao lenu katika wilaya jirani, na malori yao yanatoka umbali gani.

Kiserikali, mlango ni TISEZA, mamlaka iliyoundwa kwa kuunganisha TIC (kituo cha uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje) na kuanza kazi Julai 2025. Pelekeni wasifu wa kijiji au kata wenye kurasa nne au tano, kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri na ofisi ya mkoa, ili uingizwe kwenye orodha ya maeneo ya uwekezaji. Nane Nane ya kanda nayo itumieni kwa kazi hii: nendeni na daftari lenu na sampuli zilizopangwa kwa madaraja, zungumzeni na wanunuzi, chukueni anwani, kisha mfuatilie ndani ya wiki moja. Balozi zetu nje pia hupokea maulizo ya wanunuzi. Baada ya itifaki ya parachichi kusainiwa na China Novemba 2022, kwa mfano, mashamba na vituo vya kufungashia vinavyouza huko vilitakiwa kusajiliwa. Kata iliyokuwa na wakulima waliosajiliwa tayari ilikuwa na kitu cha kumwonyesha mnunuzi.

Juu ya misamaha ya kodi sina mengi. Hiyo ni kazi ya serikali kuu, na mwekezaji anayeuliza misamaha kabla ya kuuliza mavuno yenu ni wa kuangaliwa vizuri.

Hatua ya 5: Mchunguzeni kama anavyowachunguza

Ombeni jina kamili la kampuni na mlitafute kwenye usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni: wakurugenzi ni nani, wanahisa ni nani, ilisajiliwa lini. Kampuni iliyosajiliwa miezi mitatu iliyopita ikitaka hekta elfu mbili, ulizeni mtaji unatoka wapi na mwone barua ya benki. Ulizeni walikofanya kazi kabla ya hapa, kisha tumeni watu wawili waende huko, mmoja wao awe mwanamke mkulima, wakazungumze na wanaouza mazao na vibarua bila meneja kuwepo. Nauli ya safari hiyo ni ndogo kuliko hasara yoyote itakayofuata.

Maswali mawili zaidi. Maji atayatoa wapi? Kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde, na mradi unaomwagilia juu ya mto huwagusa wote walio chini. Na je, tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wameitolea hati? Msikubali jibu la kwamba linashughulikiwa.

Hatua ya 6: Mkutano mkuu wenye uhai

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Tangazeni mapema, muda ambao akina mama wanaweza kufika, na nyaraka zisomwe kwa Kiswahili siku kadhaa kabla, kitongoji kwa kitongoji. Siku ya mkutano mwekezaji aeleze, aulizwe, kisha atoke. Mgeni akiwa amekaa meza kuu pamoja na mkuu wa wilaya, hakuna bibi atakayesimama kusema kwamba kisima chake kimo ndani ya ramani ile.

Mihtasari iandikwe neno kwa neno pale penye ahadi. Aliyesema kuna visima vinne, iandikwe vinne, mahali vilipo, na tarehe ya kukamilika. Orodha ya mahudhurio isainiwe siku hiyo hiyo; karatasi za saini zinazozungushwa majumbani baada ya wiki mbili ndizo zinazoangusha maamuzi mahakamani.

Wawekezaji wenyewe wana sababu ya kulitaka hili. Kenya, mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ni fahari ya nchi. Lakini mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru ilisema hati za ardhi ya mradi, ekari 150,000 huko Marsabit, zilipatikana bila kufuata utaratibu wa ardhi ya jamii. Mitambo ilishasimama, umeme ulishauzwa, na bado msingi wa ardhi ukatikisika. Mwonyesheni mgeni wenu mfano huo atakapolalamika kwamba vikao vyenu ni virefu.

Hatua ya 7: Mkataba wa kuuziana, kipengele kwa kipengele

Wakulima wasaini kupitia AMCOS au kikundi kilichosajiliwa, na ofisa ushirika na mwanasheria wa halmashauri wausome kabla. Kisha mkae na mambo haya.

Bei. Msikubali maneno kama bei ya soko peke yake. Andikeni kanuni: bei ya chini ambayo haishuki msimu mzima, pamoja na nyongeza inayofuata bei ya mauzo ya nje ya wiki fulani, na nani atawaonyesha bei hiyo.

Mizani na madaraja. Nendeni mkasimame kwenye kituo chochote cha kukusanyia parachichi nusu saa tu. Kreti inawekwa kwenye mizani. Je, uzito wa kreti tupu umeondolewa, na ni kilo ngapi? Mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu? Mchambuzi anaokota tunda, analigeuza, analitupa kulia au kushoto. Kulia ni daraja la kwanza. Kushoto ni yaliyokataliwa: lenye kovu la upepo, lililochumwa bila kikonyo, dogo mno. Mkulima amesimama pembeni anahesabu kwa macho, na mwisho anapewa karatasi yenye namba moja. Yale ya kushoto ni mali ya nani? Yakipakiwa kwenye lori lile lile na kuishia kiwanda cha mafuta bila kulipwa, mkulima amemzawadia mnunuzi sehemu ya mavuno yake. Mkataba useme: vigezo vya kukataa viandikwe na kubandikwa ukutani, mwakilishi wa wakulima awepo kwenye uchambuzi, na yaliyokataliwa yarudi kwa mwenyewe au yalipiwe bei ya daraja la mafuta.

Muda wa kuchukua. Tunda lililochumwa likikaa juani ni hasara. Andikeni saa: kuanzia kuchuma hadi gari kufika, na gari lisipofika nani analipa. Kwa miwa na majani ya chai kipengele hiki ndicho uhai wenyewe.

Pembejeo. Mwekezaji akitoa miche, mbolea au dawa kwa mkopo, bei zake ziwe kwenye kiambatisho, na makato yasizidi sehemu fulani ya kila malipo ili kaya isiondoke mikono mitupu. Dawa ziwe zile zilizosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mabaki ya dawa yakizidi, kontena zima hukataliwa bandarini Ulaya, na kijiji kizima hupata jina baya.

Malipo. Siku 14 ni muda wa haki kwa mazao mengi. Fedha ipite benki au simu kwa jina la aliyelima. Mke anayehudumia miche 40 awe na namba yake.

Na ninyi pia mna wajibu. Mkulima aliyepewa miche na mafunzo, kisha akamuuzia mchuuzi usiku kwa kuwa ameongezewa shilingi mia, anaua kiwanda polepole. Kijiji kiwe na adhabu yake, na kiitekeleze hata kwa ndugu wa mwenyekiti.

Hatua ya 8: Ajira zitajwe kwa majina ya kazi

Ahadi ya ajira elfu moja haina maana. Dai jedwali: wachumaji wangapi na kwa miezi gani, wachambuzi, madereva, mafundi wa baridi, wahasibu, walinzi. Kwa kila kazi isemwe kama ni ya kudumu au ya msimu, na wangapi watatoka kata hii. Nafasi zinazohitaji ufundi zipewe ratiba ya mafunzo: mwaka wa kwanza fundi wa baridi anaweza kutoka Dar es Salaam au nje, lakini vijana wanne wa kata waende chuo cha ufundi cha VETA kwa gharama ya mradi, ili mwaka wa tatu wazibe nafasi hizo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu kibarua wa shambani sawasawa na karani wa mjini: saa 45 za kawaida kwa wiki, muda wa ziada ulipwe mara moja na nusu, likizo ya uzazi siku 84. Michango ya NSSF ikatwe na ifike. Mfanyakazi aangalie taarifa yake kwenye simu kila baada ya miezi michache. Wanaopulizia dawa wapewe mavazi, na wajawazito waondolewe kwenye kazi hiyo. Tawi la TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, lifunguliwe mapema kabla kinyongo hakijajaa.

Ajira nyingi zaidi hazitakuwa kwenye orodha ya mishahara. Ni vitalu vya miche, kupogoa, kubeba kreti, bodaboda na bajaji za mizigo, mama lishe, kushona magunia, kutengeneza mbao za kreti. Halmashauri zina mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; ielekezeni kwa vikundi vinavyoandaa huduma hizo, na mwombeni mwekezaji aandike kwamba atanunua kwao kwanza, kwa bei shindani.

Hatua ya 9: Baada ya kusaini

Undeni kamati ya watu saba: wakulima, wafanyakazi, mwakilishi wa wafugaji, ofisa mtendaji, na angalau wanawake watatu. Ikutane na meneja kila baada ya miezi mitatu ikiwa na karatasi moja yenye safu nne: kilichoahidiwa, tarehe, kilichofanyika, sababu. Karatasi hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu unaofuata na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Kama kuna ardhi iliyotoka, fuatilieni fidia kwa sheria: thamani ya soko, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea pale inapohusika. Ikichelewa zaidi ya miezi sita, inadaiwa na riba, na uthamini wenyewe una ukomo wa miaka miwili. Mwekezaji asipoendeleza eneo kwa kipindi kilichokubaliwa, andikieni mkurugenzi, mkuu wa mkoa na TISEZA kwa pamoja, mkiambatanisha mihtasari, ramani na picha zenye tarehe, na mwombe eneo lirejeshwe kwa matumizi ya kijiji. Nakala za kila hati zikae sehemu tatu: ofisi ya kijiji, AMCOS, na shule ya sekondari ya kata, ili mtendaji akihamishwa faili lisihame naye.